Gauni Nililolipanua Mara Tatu

Kwanza niseme kwamba mimi ni fundi mzuri. Silisemi hili kwa kujigamba, ingawa zamani nilijigamba kweli, tena bila kuulizwa. Nalisema kwa sababu bila hilo kisa hiki hakieleweki. Fundi mbovu angeshona gauni likakaa vibaya, watu wangeliona tumbo, wangeuliza. Mimi nilishona likakaa vizuri.

Nina cherehani mbili kwenye varanda ya nyumba ninayopanga Kator, mjini Juba, hatua chache kutoka kanisa kuu. Nilitoka Busia ya Kenya kuja Juba kwa mwaka mmoja tu, nimsaidie binamu yangu aliyekuwa na duka la vitambaa. Binamu akarudi nyumbani, mimi nikabaki, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Wateja wangu wengi ni wanawake wa kutoka Uganda, wauzaji wa sokoni na wenye migahawa midogo, nao wana desturi yao. Kila Krismasi kikundi chao cha kanisani hununua kitenge cha aina moja, kila mmoja hushonewa mtindo autakao, na siku yenyewe huingia kanisani wote wakiwa rangi moja. Gauni hilo si la siku moja. Huvaliwa mwaka mzima, Pasaka, harusini na matangani, mpaka Krismasi nyingine ilete kitenge kingine.

Mmoja wa wanawake hao ndiye ninayemkumbuka hapa. Alinizidi miaka kumi na miwili. Alikuwa mjane, Mganda wa upande wa Masaka, akiuza maharage na simsim katika soko la Konyo Konyo na kuishi Lemon Gaba. Mimi nilimwita dada. Yeye aliniita nyabo, neno la heshima la kwao, hata pale alipokuwa akinitukana, na kunitukana alinitukana sana, hasa kuhusu mapishi yangu. Alisema ugali wetu Wakenya ni wa kujengea nyumba, si wa kula. Lakini aliula. Kila Jumamosi mchana, akitoka sokoni, alipitia kwangu tukala pamoja, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akibakiza kitu kwenye sahani.

Krismasi moja nilimshonea gauni la kitenge cha samawati, lenye mikono mifupi na zipu mgongoni. Pasaka akalirudisha.

"Nyabo, hii gauni imenikataa," alisema. "Zipu inafika hapa, inasimama."

Nikacheka. Sisi tuliokuja Juba kutoka nje tuna msemo wetu. Mtu akifika hapa mara ya kwanza hukonda kwa joto na malaria na mawazo ya nyumbani, kwa hiyo akianza kuota tumbo tunasema Juba imempokea, na tunampongeza kama mtu aliyepandishwa cheo. Nilimwambia Juba imekupokea, dada, ingawa yeye alikuwa ameishi hapa kunizidi.

"Basi ilichelewa," akajibu.

Nilimpima kiuno. Nilimpima kiuno tu, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kwa hiyo nitaeleza vizuri. Mteja mgeni nampima kila mahali: mabega, kifua, mkono, kiuno, nyonga, urefu, kisha naandika kwenye daftari. Mteja wa zamani akija kupanuliwa nguo, napima pale palipombana, basi. Mengine yako daftarini. Ndivyo nilivyofundishwa, na kila fundi ninayemjua hufanya hivyo. Zilikuwa zimeongezeka inchi mbili. Nikafumua mshono wa pembeni, nikatoa kitambaa nilichokuwa nimeacha ndani kwa akiba, nikashona upya. Alipolivaa alitembea varanda nzima kwa madaha, makusudi, ili nicheke tena.

Mvua zilipoanza aliacha kumaliza chakula. Naikumbuka Jumamosi ya kwanza kwa sababu niliudhika. Nilikuwa nimetoka mbali kutafuta samaki mbichi, nikampikia na nazi ya unga niliyoletewa kutoka kwetu, naye akala matonge matatu, akasukuma sahani.

"Nimeshiba."

"Umekula wapi?"

"Sijakula. Nimeshiba tu. Siku hizi iko hivyo. Nakula kidogo, tumbo inajaa mpaka hapa." Akaweka kiganja chini ya matiti.

Nikamwambia aseme tu kama samaki ni mbaya. Alinisaidia kuosha vyombo, akaomba ufunguo wa choo, akarudi, na kabla hajamaliza kujifunga kitambaa kichwani akauomba tena. Mara ya tatu nilimtania kwamba Mto Nile umepungua, tumejua mnywaji ni nani. Alicheka mpaka akashika ubavu. Sijui sasa kama aliushika kwa kicheko au kwa maumivu.

Si kwamba hakutafuta dawa. Alikwenda kliniki ndogo karibu na soko, akapimwa damu, akaambiwa ni taifodi. Juba hii, ukiingia kliniki na mguu uliovunjika unaweza kutoka na taifodi. Akachomwa sindano siku tano. Baadaye ikawa amiba. Baadaye vidonda vya tumbo, akaambiwa aache pilipili na maharage, yeye muuza maharage. Kila dawa ilimpa nafuu ya siku mbili tatu, labda kwa kuwa alitaka sana imsaidie. Choo kikubwa nacho kikawa kigumu, mgongo ukamuuma upande wa chini, na bodaboda ikipita kwenye mashimo ya njia ya Lemon Gaba alisema anahisi kitu kinavutwa chini ya kitovu. Alimwomba dereva wake aende polepole. Dereva akamjibu mafi muskila, hakuna shida, kisha akaendesha vilevile.

Haya yote aliniambia. Simsingizii kuficha. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo inamlaumu mgonjwa peke yake, haimtaji fundi anayekaa karibu naye na mkasi. Aliniambia kila kitu, kimojakimoja, Jumamosi baada ya Jumamosi, na mimi nilikipokea kila kimoja peke yake. Mgongo ni wa kubeba magunia. Choo ni cha maji mengi. Shibe ni ya umri. Sikuwahi kuyaweka pamoja.

Mwezi wa nane gauni likarudi tena. Safari hii akiba ya mshono ilikuwa imekwisha, nikaongeza vipande viwili vya kitambaa pembeni, nikavificha chini ya mkono ambapo jicho haliendi. Nilijivunia kazi ile. Mwezi wa tisa alikuwa na harusi ya mpwa wake huko kwao, akaja akiwa na wasiwasi.

"Tumbo inaonekana," alisema. "Watauliza mimi iko na mimba ya nani."

Basi nikafumua gauni lote upande wa mbele. Nikaliwekea marinda kuanzia chini ya kifua, madogo madogo, yakishuka kwa ulegevu, na nyuma badala ya zipu nikaweka lastiki. Lilipoisha, hakuna mtu ambaye angejua kuna nini ndani yake. Alijitazama kwenye kioo kirefu cha varandani, mbele na ubavuni, akanishika mkono na kuniambia asante kwa sauti ya chini, bila utani wowote. Alirudi kutoka harusini akisema watu wamemsifu.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hunijia hata nikiwa nimeshika sindano. Ilikuwa mwezi wa kumi, siku ya kazi, si Jumamosi. Alikuja asubuhi, akanivuta kando ya wateja, akaniomba vipande vya pamba. Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka minne kabla. Alikuwa anatabasamu.

"Nyabo, nimekuwa msichana tena," aliniambia.

Nami nikacheka. Nilimkatia vipande vya fulana kuukuu, nikamwambia ajiangalie, Mungu asije akampa mtoto wa Sara. Tukacheka sote wawili kama wanawari nyuma ya jiko. Kama kuna siku moja ningepewa niirudie maisha yangu yote, nisingechagua siku ya harusi yangu wala siku niliyojifungua. Ningechagua hiyo.

Kitenge cha Krismasi kilikuja, cha kijani safari hii. Nilikuwa na magauni thelathini ya kushona. Hapakuwa na nafasi ya kuwapima upya watu ninaowajua, kwa hiyo lake nililikata kwa vipimo vya daftarini, nikiongeza kiunoni tu kwa kukisia. Wiki ya pili ya Desemba akaja kulijaribu. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka.

Kiuno kilikuwa kimembana. Lakini mabega yalikuwa yameanguka. Shingo ya gauni iliteleza upande, na mikono yake ilitokeza kwenye mikono ya gauni ikiwa myembamba, imelegea ngozi. Nilidhani nimekosea kukata. Nilichukua tepu nikampima upya kila mahali, kama mteja mgeni, naye akisimama amenyoosha mikono, anasema fanya haraka nyabo, nataka choo. Mkono ulikuwa umepungua inchi mbili na nusu. Kifua inchi tatu. Kiuno kilikuwa kimeongezeka tisa.

Nimewashonea wanawake wengi wajawazito. Mwanamke mwenye mimba hujaa kote, hata vidole. Aliyenenepa naye hujaa kote. Huyu alikuwa anakonda mwili mzima, na tumbo peke yake linakua. Nililiweka daftari juu ya cherehani, vipimo vya mwaka jana upande mmoja na vya siku ile upande mwingine, nikaona kile nilichokuwa nimekivika marinda. Nilimshika tumbo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Lilikuwa gumu, limewambwa kama ngoma. Nikamwambia avae nguo zake, twende hospitali sasa hivi.

"Na gauni?" aliniuliza.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia gauni lilaaniwe.

Nilikwenda naye na daftari langu mkobani. Mpiga picha za tumbo alipitisha kile kifaa chake juu ya ngozi yake muda mrefu, kisha akakirudisha tena pale pale pa mwanzo. Daktari alikuwa mwanamke wa Sudan Kusini aliyesoma Nairobi, akazungumza nasi Kiswahili cha huko, taratibu. Alisema kuna maji mengi tumboni, na kuna uvimbe kwenye ovari, pale mayai ya mwanamke yanapokaa, na ana hofu ni saratani. Lazima aende Kampala kwa upasuaji.

"Lakini mimi nilipimwa saratani," dada alisema. "Manesi walikuja kanisani. Waliniambia iko safi."

"Ile ilikuwa ya shingo ya kizazi, mama. Kipimo kile hakifiki kwenye ovari." Kisha akauliza, "Ilianza lini?"

Dada akafikiri. "Mwezi mmoja. Labda miwili."

Nilifungua daftari nikamwonyesha daktari. Pasaka, Agosti, Septemba, Desemba. Alilisoma, akageuza kurasa nyuma, akasoma tena. Hakunilaumu. Alituambia sote wawili kwamba ugonjwa huu huja na mambo ambayo kila mtu huyapata: tumbo kujaa, kushiba haraka, maumivu chini ya kitovu, kwenda haja ndogo mara kwa mara, mgongo, choo kubadilika, uchovu. Mtu akiyapata siku mbili yakaondoka, si kitu. Yakimjia karibu kila siku, wiki baada ya wiki, naye hakuwa nayo zamani, hasa akiwa na umri kama huu, asikubali kuambiwa ni gesi. Apigwe picha ya tumbo.

"Na damu baada ya hedhi kukoma," alisema, "hata tone moja si jambo la kuchekea."

Alisema tu, kama anavyowaambia wote. Hakujua. Dada aliniangalia haraka, kisha akatazama viatu vyake.

Tulisafiri baada ya siku tatu kwa basi la alfajiri. Alikuwa amefungwa kanga mbili kiunoni na ameshika mfuko wa picha kifuani. Tulipofika Nesitu, pale malori yanapoegesha, ilibidi niende mbele kumwomba dereva asimame, na abiria wakanung'unika kwamba hata hatujatoka mjini vizuri. Nikamsindikiza nyuma ya kibanda cha chai, nikamziba kwa kanga. Kilichotoka kilikuwa kidogo mno. Alibaki amechutama, ameegemea goti langu, akaniuliza kwa nini mwili unamwita kwa kelele vile na hauna cha kutoa. Nilimshika kwapani, nikamwinua. Kabla ya kufika Nimule, mpakani, tulisimama mara nne zaidi, na kufikia ile ya mwisho hakuna abiria aliyenung'unika.

Kampala tulipokewa na binti yake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mrefu mwenye sauti ya upole. Madaktari walitoa maji, wakampasua, wakatoa walichoweza. Kulikuwa na zaidi ya walichoweza. Nilikaa naye wiki mbili. Kabla sijaondoka, daktari mmoja aliniita kando akaniambia binti naye aangaliwe, kwa kuwa ugonjwa huu wakati mwingine hufuata damu ya ukoo. Sikuwa na moyo wa kumwambia binti siku ile, mbele ya kitanda cha mama yake. Nilirudi Juba kumalizia kazi za watu, Krismasi ikiwa imeshapita.

Tulizungumza kwa simu kila Jumamosi, saa ile ile ya chakula. Dawa za saratani alizotiwa mshipani zilimtapisha. Alisema nywele zimemtoka na sasa anafanana na kaka yake. Mwezi wa nne alianza kuongea kidogo. Mwezi wa tano, Jumapili, binti ndiye aliyepiga. Walimzika kesho yake, nami nilikuwa bado nahangaika kutafuta basi.

Binti alikuja Juba mwezi wa saba, kufunga kibanda cha sokoni na kuchukua vitu vya mama yake kule Lemon Gaba. Nilikuwa nimemwandalia chumba. Alifika mchana, vumbi limemjaa, amebeba mkungu wa ndizi wa kutoka shamba lao. Aliushusha varandani, akaingia ndani, akapiga magoti mbele yangu sakafuni, magoti yote mawili, kama wanawake wa kwao wanavyofanya kwa mtu wanayemheshimu.

Nilidhani ni salamu. Nikamwambia ainuke, akae kwenye kiti.

"Hapana, maama," alisema. "Mama alinituma. Alisema nikifika, nipige magoti nikushukuru. Alisema watu wote walikuwa wanamwambia ni gesi, ni taifodi. Wewe tu ndiye uliona. Alisema bila wewe asingepata hata ile miezi mitano."

Alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja niipokee shukrani ile. Kwao shukrani hupokewa kwa neno moja tu, kisha mtu huinuka, mnakunywa chai. Nilikuwa nalijua neno hilo. Ningelisema, na binti yule angerudi kwao akiwa na jambo moja zuri la kukumbuka.

Nilimwambia haikuwa hivyo. Nilimwambia nililiona tumbo lile Pasaka, miezi minane kabla ya hospitali, nikampongeza. Kwamba nilipanua gauni mara tatu, na mara ya tatu nililishona ili lisionekane. Kwamba aliniambia juu ya shibe, na mgongo, na choo. Nikamwambia na ile damu, na kwamba nilicheka. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusema, nikamwambia pia lile ambalo daktari alitaka alijue, kwamba yeye mwenyewe aende akaangaliwe, asingoje dalili.

Hakuinuka. Nilifikiri atanitukana, nami nilikuwa tayari, karibu ningesema nilikuwa nangoja.

"Ile harusi ya mwezi wa tisa," alisema mwishoni. "Mimi ndiye nilimpiga picha. Alikuwa anakwenda choo kila saa. Chakula alimpa mtoto wangu. Mashangazi wakasema, ona Juba imemlisha. Mimi nikaona fahari. Niliweka ile picha kwa simu yangu, nikawaonyesha walimu wote, mama yangu huyo."

Akaweka viganja sakafuni. Nilishuka kitini nikakaa naye pale chini, mgongo kwenye ukuta, na yeye akaacha kupiga magoti akakaa kando yangu. Nje, mteja aliita hodi mara mbili, akaenda zake. Tulikaa mpaka jua likaondoka varandani, na katika muda wote huo hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba halikuwa kosa lake.